Kulima Kitunguu Saumu Bustanini Nyumbani: Kuanzia Punje ya Mbegu hadi Kichwa Kikavu

Kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia kwisha, majirani huanza kuniuliza maswali yale yale kuhusu kitunguu saumu. Je, punje zinazouzwa sokoni kwa ajili ya kupikia zinaweza kupandwa? Mbona mimea yangu ilitoa majani marefu ya kupendeza, lakini nilipoing'oa sikukuta kichwa? Kwa nini vitunguu vilivyokuwa vizuri siku ya kuvuna vilioza kabla ya miezi miwili kupita? Maswali haya nimeyajibu mara nyingi nikiwa nimesimama kando ya tuta, na nimeona kwamba jibu la swali moja halimsaidii mtu ambaye tayari amekosea katika hatua nyingine mbili. Kwa hiyo nimeandika kazi yote kwa mpangilio wake, tangu kutafuta mbegu mpaka kuning'iniza mavuno, ili uisome yote kabla hujashika jembe.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine: kitunguu saumu, ambacho wengi pwani hukiita kitunguu thomu, kinataka baridi mwanzoni mwa maisha yake na ukavu mwishoni. Kikikosa baridi, hutoa majani bila kichwa cha maana. Kikikosa ukavu, hutoa kichwa kisichohifadhika. Mbolea na dawa haziwezi kufidia kosa katika mojawapo ya hayo mawili, na ndiyo maana katika mwongozo huu nimekaa muda mrefu zaidi kwenye mbegu, tarehe ya kupanda na ukaushaji kuliko kwenye palizi.

Je, mahali unapoishi panafaa?

Nyanda za juu zenye usiku wa baridi ndizo zinazofaa zaidi. Tanzania, zao hili limezoeleka Mbulu, Karatu, Lushoto, Njombe na sehemu za Mbeya. Kenya, linalimwa Meru, Nyandarua, Nyeri na Narok. Ukiwa kwenye mwinuko wa mita 1,500 au zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unakulazimisha kujifunika blanketi zito, una nafasi nzuri ya kupata vichwa vilivyojaa.

Ukiwa Dar es Salaam, Tanga mjini, Mombasa au Zanzibar, sitakudanganya: usitarajie vichwa. Joto la usiku halishuki vya kutosha. Hata hivyo unaweza kupanda punje kwenye ndoo na kuvuna majani mabichi baada ya wiki tano au sita, ukayakatakata kwenye mayai, samaki au kachumbari, kwa kuwa yana ladha ya kitunguu saumu iliyo laini zaidi. Hilo ni zao halali kabisa la bustani ndogo, na halihitaji sehemu kubwa ya hatua zinazofuata.

Mahitaji kabla ya kuanza

Mfano nitakaoutumia ni tuta moja lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, ambalo linatosha familia na ni dogo kiasi kwamba mtu anayeanza hawezi kulemewa nalo. Kwa tuta hilo utahitaji vifaa na malighafi zifuatazo:

- Vichwa 30 hivi vya mbegu ya kienyeji, yaani takribani kilo moja.
- Ndoo tatu za lita 20 za samadi iliyooza kabisa au mboji iliyoiva. Samadi iliyoiva haina joto ndani, haina harufu kali, na inamong'onyoka mkononi kama udongo.
- Jembe, reki, uma wa shamba, na keni ya kumwagilia yenye kichujio mdomoni.
- Kamba na vijiti viwili vya kunyoosha mistari, pamoja na kijiti kilichotiwa alama za sentimita 10 na 15.
- Matandazo makavu: nyasi zisizo na mbegu, majani ya migomba yaliyokauka au mabua ya maharage.
- Mahali pa kukaushia penye paa na upepo. Lipange hili tangu sasa, kwa sababu watu wengi hulikumbuka siku ya kuvuna, vitunguu vikiwa tayari vimerundikwa kwenye gunia.

Eneo la tuta lipate jua angalau saa sita kwa siku. Lisiwe mahali palipolimwa vitunguu maji, liki au kitunguu saumu katika miaka mitatu iliyopita. Likifuata maharage, mahindi au kabichi, ni vizuri.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta mbegu ya kienyeji. Kitunguu saumu hakipandwi kwa mbegu ndogondogo kama mchicha. Hupandwa kwa punje zake, ambazo maofisa ugani huziita vikonyo. Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika. Msimu wangu wa kwanza nilinunua vichwa vikubwa, vyeupe na vya kuvutia kutoka duka moja la mjini, vilivyoagizwa kutoka nje. Majani yalisimama vizuri hata wapita njia wakayasifia. Nilipong'oa mwezi wa tano tangu kupanda, kila mmea ulikuwa na donge moja dogo, la ukubwa wa gololi, lisilogawanyika punje.

Sababu yake ni hii: aina nyingi za nchi za kaskazini husubiri siku zenye mwanga wa saa nyingi ndipo zianze kujaza kichwa, ilhali kwetu, karibu na ikweta, mchana huwa wa takribani saa 12 mwaka mzima. Mmea hungoja ishara isiyokuja. Isitoshe, baadhi ya vitunguu vya kuagizwa hutibiwa ili visichipue njiani.

Kuvitofautisha si vigumu. Kigeuze kichwa utazame kitako chake. Cha kuagizwa kwa kawaida kimenyolewa mizizi hadi kikabaki duara safi na laini, na ganda lake ni jeupe kabisa. Cha kienyeji mara nyingi ni kidogo, kina michirizi ya zambarau, na kitako chake bado kina mizizi mikavu iliyoshikilia vumbi la shamba. Nunua kwa mkulima mwenyewe au kwa mchuuzi anayeweza kukuambia vimetoka wapi. Chagua vichwa vigumu, vizito kwa ukubwa wake, visivyo na ukungu wala madoa laini. Usinunue vichwa vidogo vilivyobaki kwa kuwa ni rahisi, kwani punje ndogo huzaa kichwa kidogo.

2. Panga tarehe ya kupanda kwa kuhesabu kurudi nyuma. Zao hili huchukua miezi minne hadi mitano. Unataka wiki za mwanzo ziangukie kwenye baridi na wiki za mwisho ziangukie kwenye kiangazi. Kwa maeneo mengi ya nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania na katikati ya Kenya, hiyo ina maana ya kupanda kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, mimea ikue katika baridi ya Juni na Julai, na mavuno yaje Septemba kabla ya mvua za vuli. Nyanda za juu za kusini, ambako mvua ni za msimu mmoja, unaweza kuanza mapema zaidi, mwishoni mwa Machi au Aprili, mvua zinapopungua.

Ukichelewa hadi Julai, mmea utakosa baridi ya kutosha, na mavuno yako yatakutana na mvua. Usikubali kishawishi cha kupanda Oktoba kwa sababu tu mvua imeanza na kila mtu analima.

Anayeishi mahali pa joto la wastani anaweza kuisaidia mbegu kwa kuiweka, ikiwa vichwa vizima ndani ya mfuko wa karatasi, kwenye droo ya mboga ya friji kwa wiki nne hadi sita kabla ya kupanda. Njia hii husaidia, lakini haigeuzi nchi ya joto kuwa ya baridi. Ukishaitoa, ipande siku hiyo hiyo au kesho yake, maana itaanza kuchipua haraka.

3. Andaa tuta wiki mbili kabla. Lima hadi kina cha sentimita 25 au 30, vunja mabonge, na toa mizizi ya magugu, hasa sangari na ndago. Changanya zile ndoo tatu za samadi kwenye sentimita 15 za juu. Inua tuta sentimita 15 hadi 20 juu ya njia, kwa sababu kitunguu saumu hakivumilii kusimama kwenye maji hata kwa siku mbili. Udongo wa kichanga wenye rutuba ndio bora. Ukiwa na mfinyanzi mzito, ongeza mboji na uinue tuta zaidi.

Onyo: samadi mbichi huunguza mizizi, huleta funza wa vitunguu, na husukuma majani kupita kiasi. Kama samadi yako bado inatoa mvuke asubuhi, iache. Panda kwa mboji, au panda bila chochote kuliko kuitumia.

4. Tenganisha punje, na uifanye kazi hiyo kwa upole. Ifanye siku ya kupanda au siku iliyotangulia, si mapema zaidi, kwa sababu punje iliyotengwa na wenzake hupoteza maji upesi. Bana kichwa kwa vidole gumba viwili kwenye shingo, kipasuke, kisha zitoe punje moja moja bila kuzimenya. Chukua moja uitazame kwa karibu: upande mmoja una ncha kali, na upande wa pili una kitako bapa, kigumu, cha rangi ya kahawia, chenye upana kama ukucha wa mtoto. Mizizi yote itatoka kwenye kitako hicho. Kikibanduka au kikipasuka, punje hiyo ipeleke jikoni.

Panga punje katika mafungu mawili. Zile kubwa za pembeni ni za kupanda. Zile nyembamba za katikati ni za kupikia. Kichwa cha kawaida cha kienyeji kitakupa punje sita au saba zinazofaa, na hivyo vichwa 30 vitatosha punje 180 za tuta letu, na zitabaki chache za kujazia mapengo.

5. Panda. Mwagilia tuta jioni ya siku iliyotangulia ili udongo uwe na unyevu bila tope. Nyoosha kamba kwa mapana ya tuta, ukiacha sentimita 15 kati ya mstari na mstari na sentimita 10 kati ya punje na punje. Utapata mistari 20 yenye punje tisa kila mmoja. Toboa shimo, weka punje kitako chini na ncha juu, kisha funika hadi ncha iwe sentimita 3 au 4 chini ya uso wa udongo. Gandamiza kidogo kwa kiganja.

Kuna makosa matatu ninayoyaona hapa kila msimu. La kwanza ni kupanda punje kichwa chini. Itaota, lakini chipukizi litajipinda na kichwa kitakuwa cha upande. La pili ni kuisukuma punje kwa nguvu kwenye udongo mgumu, jambo linalokwaruza kitako. Toboa shimo kwanza. La tatu ni kubana nafasi kwa tamaa ya kupata vichwa vingi. Katika nafasi ya sentimita 5, vichwa 360 hivi vitakuwa na uzito unaokaribia ule wa vichwa 180 vilivyopewa nafasi, na utakapofika wakati wa kumenya jikoni utajuta.

Kwa anayetumia ndoo ya lita 20 au gunia, tundu za kutolea maji ziwepo chini, udongo uwe na kina cha sentimita 25 angalau, na usizidishe punje sita kwa ndoo.

6. Tandaza, kisha mwagilia kwa kipimo. Weka matandazo yenye unene wa sentimita 4 au 5. Chipukizi huonekana baada ya wiki moja hadi mbili, na wakati wa baridi kali baadhi huchelewa hadi wiki ya tatu, usifukue kuangalia. Penye mchwa wengi, tumia tabaka jembamba zaidi la matandazo na ulikague mara kwa mara.

Kila mita moja ya mraba huhitaji takribani lita 25 za maji kwa wiki. Kwa tuta letu la mita tatu za mraba ni lita 75, yaani chini kidogo ya ndoo nne za lita 20, na ni bora uzigawanye mara mbili kwa wiki. Mvua ikinyesha, punguza. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ahirisha hadi kesho. Mwagilia asubuhi na uelekeze maji kwenye udongo, kwa maana majani yanayolala na maji usiku hualika ukungu.

7. Palilia mapema, na mbolea uitie mapema pia. Majani ya kitunguu saumu husimama wima na hayafuniki ardhi, hivyo magugu hayana wa kuyazuia isipokuwa wewe. Ng'oa kwa mkono, yakiwa bado madogo, kila baada ya wiki mbili. Jembe lisikaribie mimea, kwa sababu mizizi iko karibu na uso wa udongo.

Mimea ikifika wiki ya nne au ya tano na kuwa na majani manne hivi, iongezee chakula. Unaweza kutumia mboji kwa kuitandaza kati ya mistari, au mbolea ya dukani ya CAN, yenye naitrojeni, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwa kila mita ya mraba, ukainyunyiza kati ya mistari bila kugusa majani, kisha ukamwagilia. Rudia mara moja tu, wiki tatu baadaye. Baada ya hapo simama. Naitrojeni ikija wakati kichwa kinajaa, mmea hurudi kuotesha majani, shingo huwa nene, na kitunguu hakikauki vizuri.

Baadhi ya aina hutoa bua gumu la ua katikati. Ukiliona linajikunja, likate na ulipike. Ni tamu, na chakula kilichokuwa kinaenda kwenye ua kitashuka kwenye kichwa.

8. Yasome majani, kisha uache maji. Hatua hii inastahili umakini wako wote. Kila jani la kitunguu saumu huendelea chini hadi kukizunguka kichwa, na sehemu hiyo ya chini ndiyo inayokuwa ganda. Jani la kijani juu ya ardhi ni ganda zima chini ya ardhi. Jani lililokauka kabisa ni ganda linaloanza kuoza. Kwa hiyo kuhesabu majani ni kuhesabu maganda yatakayokilinda kitunguu chako ghalani.

Kuanzia mwezi wa nne tangu kupanda, tembelea tuta kila siku mbili. Majani ya chini yatakapoanza kugeuka manjano kuanzia kwenye ncha, acha kumwagilia kabisa, na uyaondoe matandazo ili udongo ukauke. Wiki mbili hadi tatu zitapita kati ya siku hiyo na siku ya kuvuna. Mwanzoni utaona huruma, kwa sababu mimea itaonekana kama inakufa kwa kiu. Usiimwagilie.

Majani matatu au manne ya chini yakishakauka, na matano au sita ya juu yakiwa bado yana rangi ya kijani, chimba kichwa kimoja cha majaribio na ukikate katikati kwa kisu, kwa mapana. Kikiwa tayari, utaona punje zimejaa na zimesukuma maganda yao, kila moja imejitenga na mwenzake, na katikati pana kiini cha shingo kilichoanza kusinyaa. Kama punje bado zimeshikana kama donge moja lenye mistari hafifu, funika sehemu uliyochimba na urudi baada ya siku tano. Kama punje zinaachana zenyewe na maganda ya nje yamechanika, umechelewa: vuna vyote leo, na uvitumie kwanza.

9. Ng'oa kwa uma, siku kavu. Chomeka uma wa shamba sentimita 10 kutoka kwenye mstari, inua udongo kutoka chini, kisha toa mmea kwa mkono. Usivute kwa majani pekee, maana shingo itakatika. Kung'uta udongo kwa vidole. Usigonganishe vichwa viwili kama wengi wafanyavyo, kwa sababu kichwa kibichi huchubuka kama embe, na doa lake litaonekana baada ya mwezi, likiwa limeshaoza. Usivioshe kwa maji kwa hali yoyote.

10. Kausha kivulini kwa wiki mbili hadi nne. Visogeze chini ya paa mara tu unapomaliza kung'oa. Jua kali la adhuhuri huivisha punje zikiwa ndani ya maganda, zikawa laini na zenye rangi kama ya nta. Vifunge mafungu ya mimea minane au kumi na uvining'inize, au uvilaze safu moja juu ya kichanja cha fito au wavu, majani yakiwa bado yameungana na vichwa. Upepo upite juu na chini. Baraza ya nyuma, banda la kuku lisilotumika au dari yenye madirisha vinafaa. Chumba kilichofungwa na jiko la kuni linalotoa mvuke wa vyungu havifai.

Vitakuwa tayari ndani ya wiki mbili hadi nne, kulingana na hali ya hewa. Hakikisha kwa vipimo vitatu: bana shingo kwa vidole, isiwe na sehemu laini wala unyevu, vunja mzizi mmoja, ukatike kwa mlio, sugua ganda la nje, litoe sauti ya karatasi kavu. Kipimo kimoja kikishindwa, ongeza wiki nzima.

11. Kata na uhifadhi. Kata mizizi ibaki nusu sentimita na shingo ibaki sentimita 2 hadi 3, au usuke majani makavu kama ukili na kuuning'iniza msuko jikoni mbali na mvuke. Vinginevyo tumia kikapu, mfuko wa wavu au soksi ya nailoni. Mfuko wa plastiki na chombo chenye mfuniko vitavitia ukungu, na friji itavifanya vichipue mara vitakapotoka. Vikikaushwa vizuri, hukaa miezi mitano hadi sita. Kwenye tuta letu, usishangae kupata kilo 4 au 5.

Tahadhari moja ya jikoni ambayo siwezi kuiacha: usitumbukize punje mbichi kwenye mafuta na kuzihifadhi kabatini. Kitunguu saumu hutoka ardhini na kinaweza kuwa na vimelea vinavyozaliana pasipo hewa na kutoa sumu hatari ya botulizimu, ambayo haina harufu wala ladha. Ukitengeneza mafuta hayo, yaweke kwenye friji na uyamalize ndani ya siku nne.

Mambo yakienda kombo

*Majani mazuri, kichwa ni donge moja lisilogawanyika.* Mbegu ilikosa baridi, au ni aina isiyofaa kwa urefu wa mchana wetu. Kama mbegu ilikuwa ya kienyeji, madonge hayo yanalika, na ukiyapanda msimu ujao kwa wakati sahihi mengi yatatoa vichwa vya kawaida. Kama ilikuwa ya kuagizwa, yatumie jikoni, usiyapande.

*Majani yana michirizi ya rangi ya fedha na yamejikunja.* Fungua pale majani yanapokutana na shina, utaona wadudu wembamba, wa manjano au kahawia, wafupi kuliko punje ya ufuta. Hao ni thripsi, na hustawi katika ukavu. Waoshe kwa maji yenye nguvu asubuhi. Wakirudi, nyunyizia maji yaliyochanganywa na sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, au dawa ya mwarobaini, jioni jua likishapungua, na urudie baada ya siku tano.

*Madoa ya zambarau yenye duara la manjano, au vipele vya rangi ya chungwa kama kutu.* La kwanza ni ugonjwa wa baka zambarau na la pili ni kutu. Yote mawili ni ya kuvu na hupenda unyevu. Toa majani yaliyoathirika, uyachome au uyafukie mbali, na uache kumwagilia juu ya majani. Ugonjwa ukiingia mapema, kabla ya kichwa kuanza kujaa, nenda na jani kwenye duka la pembejeo ili upewe kiuakuvu kinachofaa, na uzingatie idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kifungashio. Ukiingia wiki tatu kabla ya mavuno, dawa haina haja.

*Mmea unanyauka ghafla, na kitako kina utando mweupe wenye vidoti vyeusi vidogo sana.* Hili ni tatizo zito kuliko yote, ugonjwa wa kuoza kweupe. Vidoti hivyo hubaki hai ardhini kwa miaka 20 na zaidi. Ng'oa mmea pamoja na udongo unaouzunguka, utie kwenye mfuko, usiutupe kwenye mboji. Osha jembe na viatu kabla ya kwenda kwenye tuta jingine, na usipande tena jamii ya vitunguu mahali hapo.

*Ncha za majani ni za manjano wakati mimea bado ni michanga.* Chimba kidogo pembeni. Ukikuta tope, punguza maji. Ukikuta vumbi, ongeza. Ukikuta unyevu wa kadiri na majani yote yamepauka, mmea una njaa ya naitrojeni.

*Mvua imenyesha bila kutarajiwa wiki ya kuvuna.* Kama zaidi ya theluthi moja ya majani imekauka, ng'oa mara mvua inapokatika, hata kama udongo ni tope. Vitandaze kwa nafasi kubwa kuliko kawaida, viache vikauke, na udongo utadondoka wenyewe. Kuvisubiria ardhini ni kuvipoteza.

Mbegu ya mwaka unaofuata

Vitunguu vikishakauka, kabla hujagawia ndugu na kabla jikoni hapajaanza kuchota, kaa chini uvipange vyote kwa ukubwa. Tenga vichwa 30 vilivyo bora kabisa: vizito, vyenye maganda kamili, visivyo na mchubuko, vilivyotoka kwenye mimea iliyokuwa na afya. Najua ni vigumu kutenga vilivyo bora badala ya kuvila, lakini ukipanda masalio kwa misimu mitatu mfululizo utaona vichwa vinavyopungua mwaka hadi mwaka. Vining'inize peke yake mahali pakavu penye baridi kidogo, vifunge kitambaa cha rangi ili mtu asivichukue kwa mapishi, na uandike kwenye kipande cha karatasi tarehe uliyopanda, tarehe uliyovuna, na mahali tuta lilipokuwa, ili masika yajayo upande sehemu nyingine ya bustani.